Kaburu na Koti Nisilolifua

Jumapili, 1 Juni 2025

Daftari hili lilikuwa la vipimo vya wateja. Kurasa za mbele ni viuno na mabega ya watu wa Manchira. Huku nyuma ni kweupe. Neema kapiga simu kutoka Geita, kasema mama, kama huna wa kuongea naye, andika. Haya, naandika.

Leo ni siku ya hamsini na moja tangu Ezekiel afariki. Presha. Alikuwa amekaa kitandani anafunga viatu aende lindo. Kimoja alikuwa ameshakifunga.

Kaburu, mbwa wake, bado anamngoja. Saa moja asubuhi anasimama getini, kichwa kati ya mbao mbili, anatazama njia ya kwenda Mugumu. Saa moja ndiyo saa Ezekiel alikuwa akirudi kutoka ghalani. Mbwa anajua saa kuliko redio. Anasimama mpaka jua limchome, halafu anarudi kulala mlangoni, uso nje, makalio kwangu.

Jumanne, 3 Juni

Nimefua kutwa. Jumamosi ni kugawa nguo, kwao Nyanungu, Tarime. Mama mkwe aliagiza tangu msibani: zote zifuliwe, zipigwe pasi, zisiende kwa watu na jasho la marehemu. Ndivyo wanavyofanya kwao. Kwetu Sumbawanga sikumbuki, niliondoka ningali msichana.

Suruali nne. Mashati — sikuhesabu. Sweta aliyonunuliwa na Neema. Soksi! Nani atataka soksi? Nimefua hata soksi.

Koti sikulifua.

Ni lile la kampuni ya barabara, la bluu, zito. Bitana yake ya zamani ilikwisha kabisa mwaka ule wa mvua nyingi, nikaifumua yote, nikachukua blanketi letu jekundu la mirabamiraba, nikalikata nusu, nikamshonea ndani. Nusu nyingine ninajifunika mpaka leo. Alipolivaa kwa mara ya kwanza alisema, sasa nikiwa lindo niko kitandani. Alicheka peke yake mpaka akakohoa.

Nilikaribia kabisa kulitumbukiza kwenye beseni. Nikanusa kola. Nikalirudisha nyuma ya cherehani. Kaburu akaja, akaingiza pua ndani ya mkono wa koti, akalala hivyo hivyo.

Jumapili, 8 Juni

Nimerudi jana jioni na vumbi lote la Tarime.

Walikaa uani. Mama Boke, mama mkwe wangu, kwenye kigoda, nguo mbele yake kwenye mkeka. Anainua moja, anataja mtu. Hakuna kubishana. Shati la drafti kwa binamu. Sweta kwa mjomba. Soksi zimechukuliwa — jozi zote! Nilikosea kuhusu soksi.

Mwisho akasema: Koti liko wapi? Lile la kampuni?

Nikasema nimelisahau Manchira. Uongo wa kwanza kuusema mbele ya yule mama kwa miaka kumi na tisa. Akanitazama. Akasema si neno, koti ni la Magige, yeye ndiye mdogo aliyemfuata marehemu, wamenyonya ziwa moja, atalifuata mwenyewe.

Magige akacheka. “Shemeji wa Sumbawanga! Au umelificha umfufue ndugu yetu?”

Watu wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka. Yeye hunitania hivyo, kwa uchawi wa kwetu, tangu nilipoolewa, na Ezekiel ndiye alikuwa akicheka zaidi ya wote. Jana pengo la kicheko chake lilisikika.

Nikauliza kuhusu Kaburu. Nilitaka niwe na jibu mkononi. Mama Boke akasema mbwa hagawiwi, mbwa huenda anakotaka. Wanaume wakaitikia kwa vichwa. Basi, nikashukuru. Nilidhani limeisha.

Alhamisi, 12 Juni

Danford kapita na chanjo ya kichaa cha mbwa. Yule afisa mifugo mrefu, mtu wa Mbeya. Wenzake wote huchanja mbwa wangu kwa mbali, kwa maneno tu. Yeye aliingia, akakaa chini kwenye vumbi na suruali yake ya kazi, akangoja. Kaburu akamzunguka mara mbili. Akamkalia mguu! Danford akamchoma sindano huku anamkuna sikio.

Nimemwekea uji. Akakaa saa nzima. Ni muda mrefu mtu hajakaa hapa saa nzima.

Nilimuuliza aina ya mbwa huyu, kwa sababu Ezekiel alijua kidogo tu: kwamba aliletwa akiwa mdogo kama paka na mhandisi wa Afrika Kusini kwenye yadi ya mitambo, kwamba barabara ilipokwisha mhandisi akaondoka na kumwachia yeye kamba. Jina Kaburu walilitoa vibarua. Danford ameniandikia hapa pembeni kwa kalamu yake: Boerboel. Anasema wanatamka burbul. Maana yake mbwa wa wakulima.

Naandika nisije nikasahau. Anasema zaidi ya miaka mia tatu iliyopita Waholanzi waliwashusha mbwa wakubwa kule Rasi, kusini kabisa. Wakazaana na mbwa wa wenyeji waliowakuta. Waingereza nao wakaja na wa kwao, wakachanganyika tena. Makaburu wakahamia bara na magari ya kukokotwa na ng'ombe, kila mtu na shamba lake, jirani yako ni safari. Simba, chui, wezi. Mbwa dhaifu hakudumu. Na mbwa aliyeng'ata mtoto wa nyumbani hakuachwa azae. Kwa hiyo wakabaki hawa: mkali kwa mgeni, mpole kwa watu wake. Baadaye watu walihamia mijini, mbwa wakasahaulika, mpaka miaka ya themanini wakatokea watu wa kuzunguka mashambani kutafuta waliobaki. Walikagua mamia, wakaandikisha sabini na kitu.

“Mama Neema, huyu si mbwa wa kufungia nyuma ya nyumba,” akasema. “Alitengenezwa kukaa na familia moja pasipo na watu wengine. Ukimwacha peke yake anaharibika. Anakula milango.”

Nikamwonyesha mguu wa meza. Akacheka.

Nikamuuliza kuhusu kuegemea. Ezekiel akifika getini, Kaburu hakuruka wala kubweka. Alikuja polepole, akageuka ubavu, akamwegemea paja kwa uzito wake wote. Kilo sitini! Ezekiel alikuwa anashika nguzo ili asianguke. Wanasimama hivyo, wote wawili wamefumba macho.

Danford anasema ndivyo walivyo, wakimpenda mtu wanamwekea mwili. Akauliza, “Na wewe anakuegemea?”

Nikasema wakati mwingine.

Si kweli. Hajawahi hata siku moja. Chakula anakula mkononi mwangu, mgeni hanigusi yeye akiwepo, lakini kuegemea — hapana. Sijui kwa nini nilidanganya kwa jambo kama hilo.

Jumamosi, 21 Juni

Magige kaja bila taarifa. Ameleta kibuyu cha maziwa, amefunga mdomo kwa majani, amekishika mapajani kwenye pikipiki kutoka Nyanungu hadi hapa. Hakuna hata tone lililomwagika. Ameuliza kama paa linavuja. Ni mtu mwema. Lazima niandike hilo.

Koti lilikuwa nyuma ya cherehani. Sikupata muda wa kulifua. Hapana — wiki mbili nilikuwa na muda.

Alilivaa palepale uani. Limemkaa vizuri. Mabega yao sawa.

Kaburu alikuwa upande wa choo. Akainua kichwa. Akaja, si kwa hasira, si kwa mbio. Nilijua kabla hajafika. Akageuka ubavu, akamwegemea Magige paja. Magige nusura aanguke. Akasema, kama anamwita kijana wa kwao, “Mura! Mura, taratibu!” Akashika nguzo. Nguzo ileile.

Kaburu akafumba macho.

Mimi niliingia ndani nikajifanya natafuta bakuli la maziwa.

Alipoondoka Kaburu aliifuata pikipiki. Amevunja ubao wa geti. Nimempata kwenye barabara kubwa, Magige amesimama, anacheka na kuogopa, mbwa ameng'ang'ania mfuko wa koti kwa meno. Mfuko umechanika nusu. Nimemrudisha kwa kamba. Si mimi niliyekuwa namvuta, yeye alikuwa ananiburuza upande mwingine mpaka pikipiki ilipopotea.

Jumatatu, 23 Juni

Hajala. Dagaa hajagusa, mfupa hajagusa. Analala nyuma ya cherehani, mahali palipokuwa na koti, pua ukutani.

Nimeshona sketi mbili za shule. Zote nimekosea marinda.

Alhamisi, 26 Juni

Magige kapiga simu asubuhi. Sauti haikuwa yake. Ng'ombe wanne wameibwa usiku wa kuamkia jana, pamoja na yule mwekundu anayekamuliwa. Wamekata uzio upande wa mto. Mbwa wake wawili walipewa nyama yenye sumu, wamekufa.

Nilimpa pole. Nilisema pole mara nyingi, mpaka yeye akaanza kunituliza mimi!

Halafu akasema: Shemeji, nina ombi. Yule Kaburu. Mwenyewe uliona, ameshachagua. Hapo Manchira analinda cherehani. Huku kuna watoto na mifugo. Nitamfuata Jumamosi ya tarehe tano. Na koti nitalituma kwa mtu anayekuja mnadani, unishonee mfuko, nikija nalivaa, mbwa anakuja mwenyewe bila kamba.

Nilisema sawa. Ningesemaje? Alisema Mama Boke mwenyewe: mbwa huenda anakotaka.

Nikampigia Danford. Akasema mbwa huyu ana miaka saba, ni mzee kidogo kwa aina yake, huishi tisa au kumi. Akihamishwa boma geni, watu wapya, bila mtu anayemjua, hatajua nani ni mwizi na nani ni mtoto wa jirani. Akimng'ata mtoto mmoja tu, wanaume wa kule hawatangoja afisa mifugo.

Nikasema lakini atakuwa na koti.

Akasema, “Harufu inaisha, Mama Neema. Siku hiyo ndiyo atajua yuko ugenini.”

Jumatatu, 30 Juni

Koti limefika, limefungwa kwenye mfuko wa mbolea. Kaburu amelijua kabla sijafungua. Alilia. Sauti ndogo, si ya mbwa wa ukubwa ule.

Nje linanuka ng'ombe na moshi na tumbaku ya Magige. Ndani, kwenye blanketi, bado yeye. Hasa chini ya kwapa la kushoto na mgongoni. Nilikaa nalo usoni mpaka mteja akapiga hodi.

Kaburu amekula ugali sufuria nzima.

Jumatano, 2 Julai

Nimeamka nikiwa na nia ya kulifua tu. Likifuliwa litakuwa koti kama koti jingine. Magige atakuja, mbwa atamwona ni mgeni, atakataa kwenda, na hakuna atakayesema nimemnyima. Na isitoshe lilitakiwa lifuliwe tangu mwanzo! Ndiyo desturi yao. Nitakuwa nimetimiza.

Nimechota maji. Nimetia sabuni. Nikashindwa.

Nikachukua wembe.

Nilianza kwenye kola. Nyuzi ni zangu, najua kila mshono nilipoanzia. Chini ya mfuko wa ndani kuna mahali uzi mwekundu uliniishia nikaendelea na mweusi, Ezekiel akasema hakuna atakayeona. Leo nimeona. Nimefumua bitana yote, imetoka nzima, ina mikono na mgongo, kama mtu aliyelala kifudifudi. Nimeikunja nikaiweka chini ya mto wangu.

Koti lenyewe nimelifua maji matatu. Mfuko nimeshona. Bitana mpya nimeweka ya kijani, kitambaa kilichobaki cha sketi za shule. Ndicho nilichokuwa nacho.

Lilipokauka nililiweka mbele ya Kaburu. Akanusa mara moja. Akapita. Akaingia chumbani akaweka kidevu kwenye mto.

Nilipaswa kufurahi.

Alhamisi, 3 Julai

Faudhia, jirani yangu, yule muuguzi wa Tanga, alikuja kupima gauni la harusi ya mdogo wake. Akaliona koti limening'inia. Kijani kinaonekana. Akauliza, nikamweleza yote. Nilikuwa sijamwambia mtu, maneno yakatoka tu kama maji ya bwawa.

Akakaa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja.

“Mama Neema, umekata nguo ya marehemu. Sehemu umeificha chini ya mto.”

Nikasema sikukata, nimefumua.

“Na kwenu ni Sumbawanga.”

Nikasema Faudhia!

Akasema, “Mimi sisemi. Nakuambia watakachosema wao. Ng'ombe wameibwa, mbwa wamekufa, mjane amechukua kitambaa chenye jasho. Rudishia, dada. Bado siku mbili.”

Nilitoa bitana nikaiweka mezani. Nikatafuta uzi. Kaburu akaifuata kutoka chumbani, akakaa miguuni pa cherehani akiitazama. Nikairudisha chini ya mto.

Jumamosi, 5 Julai

Saa nne na nusu. Magige yuko nje. Maji hayajachemka. Daftari liko hapa juu ya gunia la mkaa, naandika ili mkono ufanye kitu.

Amekuja na maziwa tena. Ng'ombe hawajapatikana, ila jirani amempa ya kuniletea. Amekonda. Nilimpa koti likiwa limekunjwa, la nje likiwa juu. Akashukuru mfuko. Akasema, shemeji, mkono wako, kampuni yenyewe haikushona hivi. Akalivaa, akasimama katikati ya uwanja, akaita: Kaburu! Mura!

Kaburu alitoka. Nilishika fremu ya mlango.

Akamwendea. Akanusa pindo. Akanusa mkono wa koti, akazunguka nyuma. Magige alikuwa ameshapanua miguu, ameshashika nguzo tayari kupokea uzito, anatabasamu kama mtoto. Nywele za mgongo wa Kaburu zikasimama. Ule mngurumo wa chini, wa wageni. Halafu akamwacha, akanipita mimi mlangoni bila kunitazama, akaingia chumbani.

Magige akabaki ameshika nguzo. Akacheka kidogo. Akasema labda ni tumbaku. Akafungua koti kujinusa.

Akaona kijani.

Akalivua. Akalishika mabegani, ndani nje, akalitazama muda mrefu. Nilingoja ule utani wa Sumbawanga. Niliutamani! Hakuutoa. Akalikunja taratibu, akaliweka kwenye kiti, naye akakaa chini kwenye kigogo.

“Shemeji,” akasema, “ndani humu palikuwa na blanketi. Ezekiel alinionyesha. Alisema ni lenu, la kitandani.”

Nikasema ndiyo.

“Liko wapi?”

Nikasema ngoja nikuwekee chai.

Sasa maji yanaanza kulia. Nimewaza la kumjibu. Kwamba panya. Kwamba lilichakaa. Kwamba njoo uone, liko chini ya mto wangu, na mbwa wako amelilalia, na ukilitaka lichukue, mchukue na yeye, lakini usiniulize mbele ya Mama Boke.

Kaburu ametoka chumbani. Amesimama hapa jikoni, ananuka blanketi. Amegeuka ubavu.

Ameniegemea.

Nimekaa kwenye stuli, amenibana ukutani kabisa, mguu wangu wa kulia umekufa ganzi. Ni mzito kuliko nilivyodhani. Sijui ni mimi, au ni kwa sababu nimelalia ile bitana siku tatu na sasa nimeshika harufu. Amefumba macho.

Magige anaita huko nje. Anasema, shemeji, chai si lazima, njoo tu unijibu.

Maji yanamwagikia mkaa. Siwezi kuinuka mpaka Kaburu aondoke.